Mzee, Munishikie Mutoto

Mwanangu Amana,

Kisa cha gari la Mahoko unachokijua tangu utotoni, kile ulichowasimulia wenzako chuoni hadi wakasimama kukupigia makofi, hakikutokea hivyo. Nilikitunga mimi. Watu wa mji huu walinisaidia kukipamba, lakini mtungaji ni mimi, na nimeishi ndani yake kama mtu aliyehamia nyumba ya mwenziwe huku mwenye nyumba yuko kaburini.

Umekwenda Rubona, kule ziwani, kununua visamaki vya sambaza vya kukaanga kwa ajili ya njiani, umesema utarudi kabla ya magharibi. Naandika sasa kwa sababu mchana mkono wangu hutetemeka kidogo tu, na kwa sababu ukiwepo hapa, ukinisogezea mto mgongoni na kuniuliza kama nimekunywa dawa, sitaandika chochote.

Sitakuambia uchemshe maji wala ulale ndani ya chandarua. Muuguzi ni wewe. Wewe ndiye uliyenisomea majibu ya moyo wangu kule hospitali, bila kupepesa macho, kisha ukaniambia, "Baba, usianze kufuga kuku wa mayai, hutawahi kuyala." Tulicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akakasirika. Nilijivunia kicheko kile. Nilijiambia: tazama, hana woga huyu, amerithi kwangu. Nilikuwa nimekwisha kusahau kwamba hakuna cha kurithi.

Lakini lililonisukuma kushika kalamu ni jana. Watu walipomaliza dua ya kukuaga na sahani za pilau zikaanza kuzunguka, Salumu fundi cherehani akasimama na kijiko mkononi. Unamjua, hawezi kuona watu wamekaa pamoja asihutubie.

"Huyu binti anakwenda Msumbiji kule kaskazini, penye magaidi wanaochoma vijiji," akasema. "Mnamuonea huruma ya nini? Muoneeni huruma gaidi! Baba yake aliwaangalia machoni watu wa msituni wakati sisi tulikuwa tumejificha chini ya vitanda."

Watu wakacheka. Mama Hawa alikuwa amekaa kizingitini, miguu yake iliyovimba ameinyoosha, anachambua mchele wa kundi la pili. Akapaza sauti bila kuinua kichwa.

"Mwalimu, bon, basi simulia. Wageni wako hapa. Lakini safari hii usiruke kitu."

"Mama Hawa na wewe!" ukamwambia. "Kila mara hivyo hivyo."

"Mi natania tu, mutoto wangu. Mwalimu anajua mi natania."

Nikasimulia. Mungu anisamehe, nilisimulia vizuri kuliko siku zote, pengine kwa sababu nilijua ni mara ya mwisho. Nilisema jinsi watu wenye bunduki walivyolisimamisha gari letu penye mikaratusi, wakatuteremsha, wakatuamuru tujitenge, na sisi tukakataa. Nilisema jinsi mama yako, msafiri aliyerudi kutoka Kongo ambaye hakuna aliyemjua, alivyonong'ona, "Mzee, mchukue mwanangu, sema ni wako." Jinsi nilivyosimama na wewe kifuani, nikamwambia mkubwa wao, "Huyu ni wangu. Mkitaka kuua, tuueni wote wawili, na mkaulizwe kesho kwa Mungu." Jinsi alivyoinamisha macho, akatuacha tupite, na risasi zikalia nyuma yetu.

Uliinuka ukaja kupiga magoti mbele ya kiti changu. Ukasema mbele ya watu wote, "Walipouliza hospitalini nani atakwenda kuuguza kule, wengine walitazama chini. Mimi nilimkumbuka Baba, nikaandika jina langu."

Mama Hawa akaacha kuchambua mchele. Akanitazama.

Kwa hiyo, Amana, sikiliza. Nitakupa kwanza yaliyo ya kweli katika kisa hicho, kwa maana uongo wangu si mtupu, umefumwa kwa nyuzi za kweli, na ndiyo maana umedumu.

Ni kweli kwamba ilikuwa miaka ile ya abacengezi, waliovuka mpaka na kushuka milimani kuua watu njiani. Nilikuwa nikifundisha Kanama, narudi mjini kila alasiri kwa minibasi ile tuliyoiita twegerane, yaani tusogeleane. Ni kweli kwamba gari lilikuwa limejaa kupita kiasi, na kwamba mama yako aliingia Mahoko akiwa wa mwisho, ana furushi kichwani na wewe mgongoni, akapewa kile kiti cha kukunja cha katikati, kisicho na pa kuegemea.

Unaijua desturi yetu. Mtu mwenye mtoto akikosa pa kukaa vizuri, humpa mtoto mtu aliyekaa vizuri. Haulizi jina, haulizi dini, haulizi unatoka wapi. Nimepakata watoto wengi kwa njia hiyo, wengine wakanikojolea, na mwisho wa safari kila mmoja alirudishwa kwa mama yake. Sijawahi kusikia mtu wa hapa aliyeogopa kumpa mgeni mtoto ndani ya gari. Mama yako alitazama waliokaa, akaniona mimi, kofia yangu nyeupe, vitabu vyangu, shati langu lililopigwa pasi.

"Mzee, munishikie mutoto."

"Mulete," nikasema. "Anaitwa nani?"

"Bado analia jina," akajibu, na abiria wakacheka.

Sikumwuliza maana yake. Labda ulikuwa hujapewa jina, labda baba yako alikuwa amekufa kabla ya kukupa. Jina lake mwenyewe pia sikuuliza. Nilidhani safari ni fupi.

Ulikuwa umefungwa katika kitenge cha manjano kilichochakaa, na mguu mmoja ulikuwa ukitoka nje kila mara. Ulinyonya ukingo wa kofia yangu. Mama yako alikuwa akigeuka kukutazama, anakirudisha kile kimguu ndani ya kitenge, anaomba radhi kwa macho. Mbele yetu alikaa Mama Hawa, wakati huo bado msichana, naye amempakata Hawa wake. Nyuma alikaa mama mzee aliyekuwa akiuza maharage sokoni. Hao ndio unaohitaji kuwajua.

Ni kweli walitusimamisha penye mikaratusi. Mvua ilikuwa imekatika punde tu. Walitukalisha kwenye mtaro, matopeni. Mkubwa wao alikuwa kijana, mdogo kuliko wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, na alikuwa na mafua. Alikuwa akijifuta pua kwa mkono wa bunduki.

"Mnajuana," akasema. "Tenganeni. Hawa huku, hawa kule."

Unajua alitaka tutengane kwa makabila gani. Sitayaandika maneno yale.

Na ni kweli, Amana, kwamba hakuna aliyesogea. Hili nakuapia, lichukue uende nalo hata kama mengine yote utayatupa. Hakuna aliyesema hapana. Watu walikaa tu matopeni, mabega yamegusana kama yalivyogusana garini, wakatazama miguu yao. Wachukuzi, wauza vitunguu, mama yako. Kimya chao ndicho kitu kikubwa nilichokiona katika maisha yangu, na sikuwa sehemu yake kwa muda mrefu.

Mama wa maharage ndiye aliyezungumza. Akasema kwa sauti ya sokoni, kama anayembishia mteja, "Mwanangu, tumebanana tangu Mahoko. Hata muguu gani iko yangu sijui, nitajua watu?"

Mtu mmoja akacheka. Hebu fikiri, mtu akacheka pale. Yule kijana akampiga mama wa maharage kwa kitako cha bunduki mdomoni, na kicheko kikakatika. Lakini watu hawakutengana.

Nami nikaogopa.

Nataka nikueleze woga, kwa sababu unakokwenda utakutana nao, na nilichokufundisha juu yake ni takataka. Nilikufundisha kwamba wapo watu wanaouhisi na wapo wasiouhisi. Wote waliokaa kwenye mtaro ule walitetemeka. Mama wa maharage alikuwa amejikojolea kabla ya kusema mzaha wake, niliona.

Tena watu husema woga hupofusha. Sijawahi kuona vizuri kama alasiri ile. Niliona nyuzi za kitenge chako. Niliona kwamba yule kijana anamsikiliza mwenzake aliye juu ya kilima, na kwamba ng'ambo kuna mngurumo wa magari, huenda ya jeshi, kwa hiyo ana haraka. Nilihesabu kila kitu. Wengine woga huwafanya wakimbie, wengine huwafanya wagande. Mimi ulinipa akili. Jihadhari na siku hiyo, mwanangu, siku utakapojiona umetulia, una akili kali kuliko wenzako wote walioogopa. Usiiamini akili hiyo. Ukiwa unatetemeka kama wengine, umekaa pamoja na wengine, uko salama zaidi kuliko nilivyokuwa mimi, hata wakikuua.

Nitaacha hapo mtaroni kwanza. Nitarudi, siwezi kukwepa. Lakini nataka ujue na yaliyofuata.

Nilifika mjini kwa miguu, na wewe mikononi. Mke wangu, aliyekulea na ambaye ulimwita Mama hadi siku tulipomzika, alikuwa amekaa miaka mingi akiomba mtoto. Alinifungulia mlango, akaona damu ya mtu mwingine kwenye kamba za viatu vyangu, akaona na wewe. Hakuuliza kuhusu damu. Alikuchukua, akasujudu pale pale ukumbini. Mimi nikasimama juu yake nikamwacha amshukuru Mungu. Nikamwambia umewekwa mikononi mwangu na marehemu. Akasema, "Basi ni amana." Ndiyo asili ya jina lako. Kila nilipokuita ule chakula, uje usome, uvae viatu, niliuita uongo wangu, nao ukaitika, "Labeka, Baba."

Wiki ile ile soko la Mahoko lilifunguliwa. Wanawake walirudi wakakaa palepale, wengine wakiwa na kanga za matanga. Mama wa maharage hakurudi, lakini binti yake alikuja akatandika gunia lake mahali pa mama yake. Hakuna aliyewapigia makofi hao. Walipita njia ileile ndani ya twegerane zilezile, na wakaendelea kupeana watoto wawashikie. Mimi, shujaa, niliomba uhamisho nisifundishe tena upande ule. Nilisema ni kwa ajili yako, unahitaji baba karibu. Watu wakasema, oneni mapenzi.

Kisa kilikua taratibu. Mwanzo nilisema tu, "Nilisema ni wangu." Hilo lilikuwa kweli, utaona. Salumu akauliza, "Ukamtazama machoni?" Nikasema ndiyo. Mwaka mwingine mtu akauliza, "Na mama yake alisema nini?" Nami nikampa mama yako maneno ambayo hakuyasema. Nilikuwa mwalimu, nilijua darasa linataka nini. Vijana waliletwa wanisikilize niwaeleze ujasiri. Niliwaeleza.

Mama Hawa peke yake alijua. Unamjua kama shangazi mwenye mdomo, anayekuuliza kila Idi, "Mwalimu amekushikia vizuri?" Ulidhani ni utani wa kale baina ya watu waliookoka pamoja. Ulikuwa unacheka. Mimi nilikuwa nasikia kucha zikikwaruza bati. Zamani, ulipokuwa unaanza shule, nilimfuata kwenye kibanda chake cha kushona, nikamwuliza kwa nini hasemi.

Alikata uzi kwa meno. "Nikisema, mutoto atalala wapi?"

"Unaweza kumchukua wewe."

"Mi? Na mi nikuambie nini, Mwalimu? Mi nilikuwa na wangu, donc, basi, nilitembea. Nilisikia yote nyuma yangu na sikugeuka." Akakanyaga cherehani. "Nenda nyumbani. Lakini usinialike nikusifu."

Basi nikaenda nyumbani. Nilikulea vizuri, Amana, hilo huwezi kulikana, na sitaki liniokoe. Nilikuogesha ulipopata homa, nilikufundisha hesabu, nilisimama juani siku ya mahafali yako hadi nikaanguka. Kila tendo jema nililokutendea lilikuwa na jicho moja pembeni, linatazama kama limetosha. Halijatosha. Ukiona mtu anakupenda kwa bidii sana, bila kupumzika, mwulize anaficha nini.

Sikuandiki haya ili usiende. Nilifikiria hilo, nikuambie ukweli wote: jana baada ya wageni kuondoka nilifikiri kwamba nikikuvunja leo, utabaki, na utanifumba macho nikifa. Unaona nilivyo? Hata kaburini nitakwenda nikiwa nimemshikilia mtoto wa mtu. Nenda au usiende, ni juu yako, lakini usiende kwa sababu yangu. Ukisimama siku moja mbele ya mtu mwenye bunduki, na mgonjwa kitandani nyuma yako, usijiambie, mimi ni mtoto wa Mwalimu. Ukijiambia hivyo utaanguka, kwa maana umeegemea ukuta wa karatasi. Una kitu kingine cha kuegemea, kilichokuwa chako tangu mwanzo, nami ndiye niliyekificha usikione.

Nilipanga kukupa barua hii kesho kituoni, mlango wa basi ukifungwa. Nimebadili. Utaikuta mezani ukirudi. Mimi nitakuwa hapa hapa kitini, na miguu hii haiwezi tena kunitoa mahali popote. Ni mara ya kwanza maishani ninashukuru kwa jambo hilo.

Sasa turudi mtaroni.

Mama wa maharage alikuwa anatema damu. Mngurumo ng'ambo uliongezeka. Mwenzake wa juu ya kilima alipiga mluzi. Yule kijana akajifuta pua, akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubishana:

"Wenye watoto wachanga wasimame, waende. Upesi. Wengine mbaki."

Sijui kwa nini alisema hivyo. Labda naye alikuwa na mtoto, labda hakutaka kelele za watoto. Nimefundisha miaka yote hiyo na sijui. Alisema tu, na mlango mdogo ukafunguka.

Mama Hawa akasimama na Hawa wake, akaanza kutembea. Na mama yako, aliyekaa kushoto kwangu, akanigeukia akanyoosha mikono yote miwili, kama wanavyofanya akina mama wote gari likifika. Uso wake ulikuwa umefunguka. Alikuwa karibu kutabasamu.

"Mzee, munipe mutoto wangu."

Nilikuwa nimekwisha kusimama. Wa kwanza kusogea kati ya wanaume wote wa mtaro ule nilikuwa mimi. Nilikubana kifuani.

Yule kijana akatutazama. "Mtoto ni wa nani?"

"Wangu," nikasema. "Mama yake amekufa. Simjui mwanamke huyu."

Sauti yangu haikutetemeka. Ilikuwa sauti ya darasani.

Akakusogezea mtutu wa bunduki, hadi ukagusa kitenge cha manjano. "Mkimgombania, atabaki hapa pamoja na ninyi nyote."

Mama yako alinitazama. Nimejaribu miaka yote kukumbuka chuki katika macho yale, ingenisaidia, sikuiona. Alikuwa anapima, kama mtu anayepima kama mtoto atabeba uzito wa ndoo. Kisha mikono yake ikashuka. Kimguu chako kilikuwa nje. Akakikamata, akakirudisha ndani ya kitenge, akakifunika vizuri.

"Ni wake," akamwambia yule kijana. "Mi nilikuwa namushikia tu."

Nikaondoka na wewe. Ulianza kulia, nikakuziba mdomo kwa kofia. Sikuwa nimefika penye kona risasi zilipoanza.

Mama yako hakufa kwa kukosa njia ya kupona. Njia ilikuwapo, aliiomba kwa adabu, akainyooshea mikono. Nilikuwa nimeipakata mimi, nikakataa kumrudishia.